Tunakwenda Mumbai marafiki wanne: tule wapi, na tumbo tulilindeje?

Swali: "Daktari, asalaam aleikum. Sisi ni wanawake wanne, tulisoma pamoja hapa Mombasa, na Januari tunakwenda Mumbai siku sita, kutembea na kula tu. Tunataka kuona Gateway of India, mapango ya Elephanta na Haji Ali, na jioni tule Mohammed Ali Road. Tatizo ni tumbo. Mwenzetu mmoja alikwenda huko zamani kumuuguza mamake, akaendesha siku nne mpaka akatundikiwa maji. Sasa anashikilia tule hotelini tu. Mwingine anasema Mwafrika ana tumbo gumu, tule chochote barabarani. Wa tatu ana kisukari, anameza metformin, naye anaogopa yote mawili. Mimi nimeshanunua Flagyl ya watu wanne, nikifikiri tuanze kumeza siku ya kuondoka ili tujikinge. Nimekosea? Na je, ni kweli pilipili zao ndizo zinazoharibu tumbo?"

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake mna hofu za watu wanne, na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Mnachotaka ni kuuona mji na kukaa meza moja mle pamoja, bila mmoja wenu kubaki chumbani ameshika tumbo wenzake wakipanda mashua. Inawezekana. Nilikaa Mumbai miaka mitatu nikisomea magonjwa ya kuambukiza, na chakula changu kingi nilikila kando ya barabara. Niliugua mara mbili. Mara moja nitakusimulia hapa chini, kwa ajili ya huyo anayesema mle hotelini tu.

Kwanza Flagyl: msiimeze. Huku kwetu imekuwa dawa ya kila tumbo, watu huombana kama chumvi. Kazi yake halisi ni kuua amiba na giardia, vijidudu vya tumboni, na bakteria fulani wanaoishi pasipo hewa. Lakini anayemwangusha msafiri India mara nyingi si hao. Ni bakteria aina ya E. koli wanaotoa sumu, pamoja na Campylobacter, Shigella na Salmonella, na hao Flagyl haiwatoi. Mtakachopata ni ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu, huku bakteria wema wa utumbo, ambao huwabana wabaya wasipate nafasi, wakiuawa bure. Wala msibadilishe Flagyl kwa antibiotiki nyingine ya kujikingia. Wasafiri wanaorudi kutoka Asia ya Kusini wamechunguzwa sana, na wale waliomeza antibiotiki safarini ndio hasa wanaorudi wamebeba tumboni bakteria sugu wasiosikia dawa. Siku utakayopata ugonjwa wa njia ya mkojo hapa nyumbani, ndipo utakapowajua.

Nikueleze kinachotokea tumboni, kwa sababu ukikielewa utaweza kusimama mbele ya karai lolote Mumbai ukaamua mwenyewe. Wale E. koli humezwa pamoja na chakula au maji. Wengi huchomwa na tindikali ya tumbo, kwa hiyo lazima wawe wengi ndipo wachache wapenye mpaka utumbo mwembamba. Wakifika hujibandika ukutani na kutoa sumu, na ule ukuta ambao kazi yake ni kufyonza maji huanza kuyamwaga. Kati ya kumeza na kuanza kuendesha hupita siku moja hadi tatu. Mtu hulaumu sambusa aliyokula asubuhi ile, kumbe aliyemponza ni juisi ya juzi.

Kwa hiyo jambo kubwa ni idadi, na idadi hutegemea moto, muda na maji. Chakula kinachotoka motoni kikitoa moshi kimeshawaua. Chakula kilekile kikikaa vuguvugu, bakteria hugawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20 hali ikiwafaa. Wakiwa 100 mezani, baada ya saa nne wamepita laki nne. Bei ya sahani, marumaru za sakafuni, wala mpishi kuvaa kofia nyeupe haviingii katika hesabu hiyo.

Pilipili nayo haimo. Pilipili huamsha mishipa ya fahamu inayohisi moto, kuanzia mdomoni mpaka mwisho wa safari yake, na ukizidisha unaweza kuchoma na kukimbia chooni mara moja mbili. Siku hiyo hiyo yamekwisha, hakuna homa. Lakini usidhani pilipili inaua vijidudu. Chatne kali iliyochanganywa na maji machafu ni maji machafu yenye pilipili.

Na huyo wa tumbo gumu? Kinga ya tumbo ipo, sikatai, ila ni kinga ya wale bakteria uliokwisha kuonana nao. E. koli wa Mombasa si wale wa Mumbai, na aina zao ni nyingi. Hata Wahindi waliokaa Ulaya au Marekani miaka mingi, wakirudi kuwasalimu wazazi huangushwa na chakula walicholelewa nacho. Tena jiulizeni: ninyi wanne, nyumbani mnakunywa maji ya bomba?

Sasa nimgeukie rafiki yenu wa hotelini. Mwaka wangu wa pili tulialikwa chakula cha mchana katika hoteli moja kubwa, vyombo vya shaba vimepangwa mstari mrefu na vimoto vidogo chini yake. Chakula kiliwekwa saa sita. Mimi nilichelewa wodini, nikafika saa kumi kasorobo. Nilijipakulia wali, kuku wa rojo, na kachumbari ya matango yaliyokatwa mapema yakapangwa juu ya barafu iliyokuwa imeshayeyuka. Wali ulikuwa vuguvugu kama mkono wangu, niliuhisi kwa vidole, na nikaula kwa kuona haya kuuacha. Kesho yake usiku sikulala. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimekula vada pav kila asubuhi nje ya kituo cha treni, na haikunifanya kitu.

Itazame hiyo vada pav. Nyinyi wa Mombasa mtaijua kabla ya kuambiwa: ni ndugu ya viazi karai, ila mbatata zimepondwa na bizari na kitunguu saumu, zikafinyangwa mviringo, zikachovywa unga wa dengu na kutumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka. Muuzaji anaitoa na kijiko cha matundu, anapasua boflo ndogo, anaitia ndani. Kisha anauliza chatne gani. Pale mbele yake mna mbili. Moja ni nyekundu na kavu kama unga, ya kitunguu saumu, nazi na pilipili. Ya pili ni ya kijani, ya majimaji, ya dania na nanaa, imesagwa mbichi na maji ya ndoo, na imekaa wazi tangu alfajiri. Omba ile nyekundu kavu. Umekula chakula kilekile anachokula karani wa Mumbai akiwahi kazini, na hatari umeiacha kwenye bakuli lake.

Mfano wa pili ni pani puri, na huu unauma kwa sababu ni mtamu sana. Neno "pani" maana yake ni maji. Muuzaji anachukua puri, kijimkate kikavu cha kukaangwa chenye uwazi ndani, anakitoboa kwa kidole gumba, anatia mbatata na dengu, halafu anakichovya chunguni kwenye maji ya nanaa na ukwaju, mkono ukizama mpaka kifundo, anakukabidhi ukitie mdomoni mzima. Hakuna moto hata mahali pamoja baada ya kukaangwa. Ukipenda sana, tafuta duka linaloandika kwamba linatumia maji ya chupa, muuzaji avae glavu, na mle siku ya mwisho. Bhel puri ya Chowpatty, kule ufukoni, naiweka karibu na hapo: mchele wa kuvimbishwa hauna neno, lakini vitunguu vibichi, dania na chatne mbili za maji vinatia shaka. Pav bhaji iliyo jirani yake ni salama zaidi. Mboga zinapondwapondwa juu ya chuma kipana chenye siagi mpaka zinachemka kama uji, na boflo zinageuzwa palepale.

Chai ni rafiki yenu. Huchemshwa na maziwa, tangawizi na iliki mpaka inapanda, na huuzwa nusu gilasi, ndiyo wanayoiita "cutting". Tazama gilasi tu: kama imesuuzwa kwenye ndoo na bado inachuruzika, omba kikombe cha karatasi. Maji yawe ya chupa yenye kifuniko kisichofunguliwa, mpasue wenyewe. Juisi ya miwa, lassi (mtindi wa kunywa) ya barabarani na kila kinywaji chenye barafu, viacheni. Kusema ni rahisi kwenu, maana neno ni letu sote: "baraf nahi", bila barafu. La pili ni "garam", moto, kama katika garam masala. Sema "garam garam" mbele ya karai na muuzaji atarudisha yako mafutani. Na mkiwa na kiu kali, dafu likatwe mbele yenu. Pwani ile ina madafu kama yetu.

Kuhusu jioni ya Mohammed Ali Road, nendeni kwa raha. Mtaa ni wa Waislamu, pale karibu na Minara Masjid na Bhendi Bazaar, kwa hiyo suala la halali halitawasumbua kama mitaa mingine ambako inabidi kuuliza. Mishikaki ya nyama ya kusaga inageuzwa juu ya makaa, nihari, ule mchuzi mzito wa nyama, inachemka kwenye sufuria tangu usiku, malpua, chapati tamu ya kukaanga, inatoka kwenye mafuta. Yote hayo ni moto. Msishangae mkiambiwa "beef" ikawa ni nyati wa kufugwa: Maharashtra, jimbo lenye Mumbai, ilishapiga marufuku kuchinja ng'ombe jike zamani, na mwaka 2015 ikaongeza mafahali. Phirni, ule mchele wa maziwa unaogandishwa kwenye vibakuli vya udongo, mimi huila pale tu ninapoona friji inafanya kazi na foleni haikatiki. Foleni ni dalili njema kwa sababu chakula hakipati muda wa kukaa. Chagueni saa wanayokula wenyeji, msiende saa ambayo muuzaji anasinzia. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, maana mtakula kwa mkono kama nyumbani. Dawa ya kupaka mkononi ni msaada tu pale ambapo hakuna bomba.

Matembezi yenyewe myapange kufuata tumbo. Elephanta hufungwa Jumatatu. Mashua huondoka pale pale Gateway, lile lango la mawe lililokamilika 1924 kukumbuka ujio wa Mfalme George wa Tano mwaka 1911, na huchukua kama saa nzima kufika kisiwani. Juu kuna ngazi zaidi ya mia, kisha ile sanamu ya Shiva mwenye nyuso tatu, karibu mita 6, imechongwa ndani ya mwamba. Nimeiona mara nyingi na bado hunyamaza nikifika mbele yake. Lakini saa moja ya mashua ni ndefu kwa tumbo linalovuruga. Basi siku mbili kabla ya Elephanta kuleni vya moto tu. Kima wa kisiwani hunyang'anya chakula mkononi, kwa hiyo muwe mmekula kabla ya kupanda ngazi.

Haji Ali ninyi mtaielewa haraka kuliko watalii wa bara. Kaburi la walii liko kwenye kisiwa kidogo, na njia ya kufikia hufunikwa maji yakijaa. Angalieni maji kama mnavyoangalia Mombasa, hasa siku za bamvua. Alhamisi na Ijumaa hujaa watu mno. Na kwa kuwa ninyi ni wanawake: wanawake walikuwa wamezuiwa kuingia chumba cha ndani chenye kaburi, mpaka Mahakama Kuu ya Bombay (jina la zamani la Mumbai) ilipoamua mwaka 2016 kwamba wana haki ileile ya kuingia.

Treni za mji pandeni mchana, behewa la wanawake. Saa mbili hadi nne asubuhi, na kuanzia saa kumi na moja jioni, msijaribu, mtasukumwa mkapotezana. Kusini mwa mji hamtaona rikshoo, yaani tuktuk. Haziruhusiwi huko, ni teksi nyeusi na njano.

Nimrudie mwenye kisukari, kwa sababu yeye ndiye ninayemfikiria zaidi. Hana sababu ya kuogopa meza. Thali inamfaa vizuri: sahani ya chuma yenye vibakuli vya dengu, mboga na mtindi, na mhudumu hupita akiongeza mpaka ufunike sahani kwa kiganja. Afunike mapema kwenye wali na vitamutamu, aongeze dengu. Ajue kwamba thali ya Kigujarati hutiwa sukari hata kwenye mboga. Chai ya barabarani hupikwa na sukari tangu mwanzo, haina namna. Kwenye mgahawa aombe "bina cheeni". Dawa zake asizitie kwenye mzigo wa chini wa ndege. La muhimu kuliko yote ni hili: akianza kutapika au kuendesha sana, mwili ukikauka figo hupunguza kazi, na metformin inaweza kujazana mwilini ikaleta tindikali ya hatari. Kwa kawaida huisimamisha mpaka arudi kula na kunywa, lakini aandikiwe na daktari wake mpango huo kabla ya safari, na apime sukari mara nyingi zaidi siku hizo. Mwenye kutumia sindano ya insulini yeye haachi kabisa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Na mkiugua pamoja na tahadhari zote? Msigombane nani aliwapeleka wapi. Mara nyingi huisha yenyewe ndani ya siku tatu hadi tano, na tiba ni maji ya chumvi na sukari. Sumu ile ya E. koli huharibu njia moja ya kufyonza, lakini mlango unaopitisha chumvi ikiwa imeshikana na sukari hubaki wazi, na maji hufuata nyuma. Ndiyo siri ya ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti, na ndiyo sababu soda haifai: sukari yake ni nyingi mno, huvuta maji kurudi utumboni. Bebeni pakiti kumi, kila moja ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Zikiisha, duka la dawa liko karibu kila mtaa. Soma pakiti uone imeandikwa kwamba inafuata kipimo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, maana kuna vinywaji vitamu vinavyofanana nayo. Kama hakuna kabisa: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mwenye kisukari naye anywe. Ukavu una hatari kubwa kuliko sukari hiyo ndogo. Loperamide, dawa ya kufunga tumbo, inaweza kumsaidia mtu kuvuka saa chache za safari, lakini kamwe isimezwe kukiwa na damu kwenye choo au homa, kwa sababu hufungia ugonjwa ndani.

Kuna hali ambazo hazisubiri. Damu kwenye choo, homa ya 38.5 na zaidi, kutapika mpaka maji hayakai, kutokojoa kwa muda wa saa nane, kizunguzungu au usingizi usio wa kawaida, au kuendesha kupita siku tatu: nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari akitapika tu, asingoje hizo nyingine. Nambari ya dharura India ni 112, na gari la wagonjwa ni 108. Na mkisharudi, mtu akipata homa ndani ya wiki chache, amwambie daktari kwa kinywa chake kwamba alikuwa Mumbai, maana taifodi, malaria na dengi zote ziko kule. Kuendesha kukizidi wiki mbili, hapo ndipo tunapopima giardia, na hapo ndipo Flagyl inapoweza kupata kazi yake.

Yamebaki mambo ya kabla ya safari, nayo hayafanyiki kwa maandishi. India hudai kadi ya homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, na sindano iwe imechomwa siku kumi kabla ya kufika. Bila kadi mnaweza kuwekwa karantini mpaka siku sita, na safari yenu yote ndiyo hiyo. Chanjo ya taifodi ichomwe angalau wiki mbili kabla, na ya homa ya ini A tutaizungumza. Kama kuna haja ya kubeba antibiotiki moja ya akiba, hasa kwa mwenye kisukari, hiyo huchaguliwa mtu akiwa mbele yangu, kwa sababu dawa nyingi zilizozoeleka hazifanyi tena kazi kule na nyingine hazipatani na moyo wa kila mtu. Njooni wote wanne, wiki nne kabla ya kuondoka. Mwenye kisukari aje na daftari lake la vipimo na pakiti za dawa zote anazomeza, hata zile anazoziona ndogo.